Doa Katika Ini



Mwezi huu alitujia mama mmoja wa hapa Old Moshi, ambaye wanawe twawasomesha chuoni, akatueleza kwamba mumewe alipimwa tumbo kwa altrasaundi, na likaonekana doa katika ini. Daktari akawataka wateremke KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, wakapige picha ya pili kwa mashine ya siti-skani. Shemeji zake wamekataa. Wasema hukumu imekwisha kutoka, na ng'ombe wa kuuzwa ni mmoja tu.

Sisi twaona wamekosea. Altrasaundi hutumia sauti isiyosikika kwa sikio, nayo hutuonyesha kwamba pana kitu. Mara nyingi haiwezi kusema ni kitu gani. Doa laweza kuwa jipu la amiba, ambalo huponyeka kwa dawa. Laweza kuwa fundo la mishipa ya damu lisilodhuru, ambalo watu wengi huishi nalo bila ya kujua. Tena laweza kuwa saratani.

Basi picha ya pili hupambanua vipi? Watu wa mlimani wataelewa upesi, kwani ini ni mfano wa kihamba kinywacho maji ya mifereji miwili. Mfereji mkubwa ni mshipa utokao matumboni, uletao kadiri ya robo tatu ya damu. Wa pili ni mshipa uletao damu ya moyoni. Saratani ianziayo katika ini hunywa zaidi kwa huu wa pili. Mgonjwa hutiwa mkononi dawa ya kung'arisha, na picha hupigwa mara kadha katika dakika chache. Dawa hutangulia kufika kwa mfereji wa moyoni, saratani ikang'aa kabla ya ini. Kisha ini likang'aa, nayo ikafifia. Lile fundo la mishipa hung'aa kingoni kwanza, likajaa polepole mpaka kati. Pengine hata hivyo shaka hubaki, na daktari huchukua kipande cha ini kwa sindano.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, wala hakuweka sharti la ng'ombe wawili. Hayo tuliwaambia shemeji, nao hawakufurahi.

Mama tumemhimiza jambo jingine: mumewe akionekana ana homa ya ini ya aina B, yeye na watoto wapimwe pia, kwani huambukiza, na chanjo ipo.

Miadi ni Jumatatu. Amwambie daktari kama mumewe ana maradhi ya figo, maana dawa ile hutokea huko. Ng'ombe amenunuliwa jana na jirani.