Kabla ya Kumwita Mtu Msaliti

Makamanda, nimechoka na neno "msaliti". Mtu akiondoka tu ofisini kwetu, kabla hata hajarudisha funguo, ameshaandikwa kwenye magrupu kwamba kanunuliwa. Wapo walionunuliwa, sikatai. Lakini kanda yetu imebadilisha makatibu watatu ndani ya miaka miwili. Wote watatu walinunuliwa? Na ni nani huyo mwenye hela za kuwanunua watu ambao sisi wenyewe hatukuwa tukiwalipa hata nauli?

Ngoja niwapeleke mbali kidogo. Marekani vyuo vikuu hujiunga kwenye jumuiya za michezo, na jumuiya hizo zinauza haki za televisheni kwa mabilioni. Moja yake ni Pac-12, inayohesabu historia yake tangu 1915. Ilikuwa na vyuo 12 vya upande wa magharibi, Stanford na UCLA wakiwemo. Leo ukiitaja, watu wanakuuliza ipi, ile iliyokufa?

Kamishna wake, Larry Scott, aliingia 2009. Kuna miaka mshahara wake ulipita dola milioni 5, wakati jumuiya shindani zilikuwa zinagawia vyuo vyao pesa nyingi zaidi. Ofisi zilikuwa katikati ya San Francisco, kodi yake mamilioni kwa mwaka. Korona ilipoingia 2020, magazeti ya huko yakaandika kwamba mabosi walipewa bonasi nono wiki chache tu kabla ya wafanyakazi wa chini kuachishwa kazi au kupelekwa likizo bila malipo. Unamlipa bonasi aliyeshika usukani, halafu unamshusha njiani anayesukuma gari!

Januari 2023 ikaibuka nyingine. Wakuu wawili, mmoja wa upande wa televisheni na mwingine wa fedha, walifukuzwa baada ya uchunguzi wa ndani. Kampuni iliyokuwa inasambaza matangazo yao ilikuwa imewalipa kupita kiasi kwa miaka, takriban dola milioni 50, na bodi haikuwa imeambiwa. Hilo la bodi kutoambiwa ndilo lililonikaa kichwani kuliko pesa zenyewe.

Nyumba ilikuwa inavuja hivyo. USC na UCLA walishatangaza kuondoka 2022. Kiangazi cha 2023 wengine wanane wakafuata, na wakabaki wawili: Oregon State na Washington State. Ndipo panaponinogea mimi mwanafunzi wa sheria. Kanuni za jumuiya zilisema chuo kikitoa taarifa ya kujiondoa kabla ya Agosti 1, 2024, kinapoteza kiti kwenye bodi. Wale kumi wakadai kutangaza kwamba utaondoka mkataba ukiisha siyo "taarifa ya kujiondoa" kwa maana ya kanuni. Wawili waliobaki wakauliza mahakamani: mbona USC na UCLA walipotangaza, mliwatoa kwenye bodi bila mjadala? Novemba 2023 hakimu wa Whitman, jimbo la Washington, akazuia wanaoondoka wasiiendeshe bodi, na Desemba Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuupitia upya uamuzi huo. Ulivyoitafsiri kanuni jana kwa mwenzako, ndivyo utakavyosomewa leo.

Sisi tunalijua hilo kwa uchungu. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anapoteza kiti, na bado wale 19 wa viti maalumu tuliwaona bungeni mwaka baada ya mwaka tangu 2020, chama kikiwa kimeshawavua uanachama. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki.

Lakini haki hiyo hiyo inatugeukia. Kila ripoti ya CAG ikitoka tunaichambua halmashauri kwa halmashauri, tunataja mpaka bei ya dizeli. Sheria ya Vyama vya Siasa inataka hesabu za vyama navyo zikaguliwe. Nani hapa amewahi kuona hesabu za kanda yake? Mimi nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa "dada, subiri uchaguzi upite". Mara ya pili niliulizwa natumwa na nani.

Najua jibu la wazee wetu: adui atazitumia. Adui anazo tayari, jamani. Aliyekuwa mhasibu wetu anazo, na aliondoka akiwa anatudai. Asiyezijua ni yule kijana wa kata anayechanga elfu mbili zake na kulala lupango kwa ajili ya bendera.

Wale viongozi wa Pac-12 hawakuwa wajinga, walikuwa na wanasheria kila kona. Walichokosa ni mtu wa chini mwenye kuweza kuuliza pesa imekwenda wapi na kesho yake akaingia kazini kama kawaida.

Kwa hiyo nimewasilisha hoja binafsi kwa kikao kijacho cha baraza la kanda: posho za viongozi zisomwe mbele ya wajumbe, madeni ya watumishi yasomwe kabla ya posho, na kila anayeondoka apewe nafasi ya kusema kwa nini, kwa maandishi, barua isomwe kikaoni na siyo na mwenyekiti peke yake. Nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi ninayo. Kikao ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Wajumbe mnaosoma hapa, nahitaji wa kuniunga mkono.