Maumivu ya Mgonjwa Si Mtihani wa Ushujaa

Katika wodi za hospitali zetu neno "jikaze" limezoeleka mno. Huambiwa mama aliyepasuliwa jana, kijana aliyevunjika mguu, na mzee anayeugua saratani. Alitamkaye hana nia mbaya. Amelelewa, kama sisi sote, kuamini kwamba kuvumilia ni sifa na kulia ni udhaifu. Lakini mgonjwa hakuyachagua maumivu yake. Kumwacha ayabebe wakati dawa ipo si kumfunza ushujaa, bali ni kumnyima haki yake.

Wapo watakaosema kuwa kazi ya hospitali ni kuponya, na kwamba maumivu ni jambo dogo. Utafiti wa kitabibu umekwisha kuonyesha kinyume chake. Aliyepasuliwa tumbo akaachwa na maumivu makali huogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Makohozi hubaki kifuani, na homa ya mapafu hupata nafasi. Huogopa kuinuka na kutembea, na damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo kutuliza maumivu ni sehemu ya kuponya.

Mfano ulio wazi ni wa watoto wachanga. Kwa miaka mingi madaktari wengi, hata katika nchi tajiri, waliamini kuwa mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, tena walihofia kwamba nusukaputi kamili ingemwua. Basi wako watoto waliopasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli pamoja na gesi hafifu tu. Mtoto hakuweza kulia wala kujitikisa, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ushahidi. Mwaka 1987 Dk. Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kundi moja lilipasuliwa kwa utaratibu uliozoeleka. La pili liliongezewa fentanyl, dawa kali ya kutuliza maumivu. Miili ya walioongezewa ilipata mshtuko mdogo zaidi, na matatizo yao baada ya kupasuliwa yalikuwa machache. Imani ya siku nyingi ikaanguka kwa sababu watu walipima badala ya kukisia.

Funzo hilo linatuhusu. Mgonjwa anyamazaye si lazima awe hana maumivu. Pengine amechoka kuomba.

Ni kweli kwamba dawa hazikugawanywa kwa haki duniani. Mwaka 2017 tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kuwa, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Hata hivyo umaskini peke yake hautoshi kuwa sababu. Mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake, ni dawa ya bei nafuu. Jirani zetu wa Uganda walianza kuitumia mwaka 1993 kwa juhudi za Dk. Anne Merriman, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hawakungoja kwanza kuwa matajiri.

Hofu ya uraibu nayo isipuuzwe. Yaliyotokea Marekani tangu miaka ya 1990, makampuni yaliposukuma dawa hizi kwa tamaa ya faida, ni onyo kwetu sote. Lakini dawa ya onyo hilo ni usimamizi, daftari na ukaguzi, si kufungia mofini kabatini huku mgonjwa wa saratani akilia usiku kucha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa za kulevya wenyewe unakiri kuwa dawa hizi hazina budi kupatikana kwa ajili ya kutuliza maumivu.

Kwa hiyo lipo la kufanya, nalo halihitaji mitambo. Kila muuguzi anayepima joto la mgonjwa amwulize pia maumivu yake ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kisha aandike jibu katika faili. Mtoto aonyeshwe picha za nyuso, achague. Maafisa wanaoagiza dawa wahesabu dawa za maumivu miongoni mwa zile za lazima. Vyuo vyetu vya uganga vifanye utafiti katika wodi zetu wenyewe, tujue ni wangapi wanaoumia na kwa nini.

Nanyi walimu, fundisheni uvumilivu katika kazi na masomo, lakini mfundisheni mtoto pia kwamba kusema "ninaumwa" si aibu. Huduma ya umma hupimwa kwa namna inavyomjali asiye na nguvu ya kudai, na hakuna asiye na nguvu kuliko mgonjwa aliyelala kitandani.