Wapagazi Hawapo Mezani



Kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye kwa sasa yuko masomoni Uingereza, ametutumia picha ya gari la deraya lenye urefu wa sentimita 9 hivi, alilolipaka rangi kwa mkono wake. Ni mfano wa gari la Rolls-Royce la mwaka 1914, lenye mnara wa kuzunguka na bunduki moja ya rashasha. Yeye na wenzake hukutana Jumamosi, hupanga majeshi madogo juu ya meza, hupima mwendo kwa rula na kurusha dadu kuamua nani kapigwa. Anauliza: je, yafaa Mkristo kujifurahisha kwa sura ya vita?

Swali si jepesi, wala hatupendi kulijibu kwa kukunja uso. Kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza gari hupuliziwa rangi ya awali ili nyingine zishike. Hufuata rangi ya mwili, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikisubiriwa ikauke. Kisha rangi ya giza iliyozimuliwa sana hupitishwa ili itulie katika mianya na kuzunguka vichwa vya ribiti. Mwishowe brashi iliyofutwa hadi ikakaribia kukauka hupitishwa juu ya kingo, nazo huonekana kana kwamba zimechubuliwa na jua na mchanga. Nasi tulipokuwa seminarini tuliwahi kukabidhiwa sanamu za pango la Noeli tuzipake upya. Mchungaji mmoja alitoka na makengeza, na kila Noeli alituangalia hivyo hivyo. Hatuna basi ujasiri wa kumdharau mtu awezaye kupaka jicho la askari mwenye kimo cha milimita 28.

Wala mchezo huu si wa jana. Maofisa wa Prussia walikuwa nao tangu 1824, ukiwa shule ya vita. H. G. Wells aliuingiza sebuleni kwa kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913, na humo humo alisema kwamba anayeucheza mara chache tu ataona jinsi vita ya kweli ilivyo jambo la kuvurugika. Mwaka uliofuata vita hiyo ikaja.

Hoja yetu iko kwingine. Kijana asema gari lake ni la mapigano ya Afrika Mashariki, na ni kweli kwamba baadhi ya magari hayo yaliletwa huku. Amelipaka vumbi jekundu magurudumuni, kwa ustadi mkubwa. Lakini vita ile haikubebwa na magurudumu. Mvua ziligeuza njia kuwa tope, mbung'o wakaua farasi na ng'ombe, na mizigo ikaishia vichwani mwa watu. Wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zinabeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, ingawa wengi wetu twaenda pale kununua vitambaa tu.

Tuliitazama tena picha ya meza nzima. Askari wapo, mizinga ipo, hata miti ya plastiki ipo. Mpagazi hata mmoja hayupo. Hiyo ndiyo kasoro tuionayo sisi, wala haimo katika rangi au dadu. Tulimwandikia hivyo: asilivunje gari lake, wala asiwakimbie wenzake, ila awaweke mezani wale walioibeba vita.

Amejibu kwamba kanuni wanazozitumia hazina nafasi ya wapagazi, kwa kuwa hawapigani, na wenzake wamekwisha kulalamika kuwa watachelewesha mchezo. Hata hivyo ameanza kufinyanga kumi na wawili, na anatuuliza mizigo yao aipake rangi gani.