SWICHI KWANZA, JENERETA BAADAYE



Kila stima inapopotea kwa muda mrefu, siku ya pili yake wakulima hupita ofisini kwetu wakiuliza: "Bwana Karani, ninunue jenereta ya namna gani?" Hilo ni swali jema. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza ataiunganishaje na nyumba yake. Kwa hiyo leo nataka kuwaambia maoni yangu waziwazi. Mtu aliye na fedha za jenereta, lakini hana fedha za fundi na swichi, bado hajapata fedha za jenereta. Na angoje.

Sisemi kwamba mashine hii ni anasa. Sisi tulio katika mashamba ya skimu twajua hasara ya giza. Maziwa ya jioni yasipopozwa huharibika, na asubuhi hukataliwa kwenye mizani. Pampu ikisimama, ng'ombe hulia kwa kiu. Tena hatujasahau mwaka wa 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti, kisha ikakatika tena Novemba na Desemba. Mkulima anayejiandaa ni mwenye akili. Lakini yafaa ajiandae bila kumwua mtu.

Wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja huchomekwa kwenye jenereta, na wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba yote huwaka. Huu ni mtego wa mauti. Transfoma iliyo juu ya nguzo hupunguza nguvu za stima kutoka volti 11,000 au 33,000 za njia kuu hadi volti 240 za nyumbani. Lakini transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukirudisha volti 240 kutoka kwako, yenyewe huzikuza ziwe maelfu tena, na kuzipeleka kwenye nyaya ambazo kila mtu anadhani zimekufa. Huko juu ya nguzo yuko kijana wa watu, amekuja usiku katika mvua ili akurudishie stima. Utamjibu nini mama yake? Na stima ikirudi ghafula, jenereta yako nayo yaweza kuungua hapo hapo.

Dawa yake ni swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Ikielekea upande wa stima ya nje, jenereta imetengwa. Ikielekea jenereta, nyumba imetengwa na nguzo. Haiwezi kuelekea kote kuwili kwa mara moja. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, kwa kuwa Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haimruhusu asiye na leseni kufanya kazi hiyo. Mwambie akuonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli hachukizwi na ombi hilo.

Jambo la pili ni moshi, na hapa naungama kosa langu mwenyewe. Jioni moja ya mvua nyingi, niliiweka jenereta katika stoo inayopakana na jiko, nikihofu wezi na maji. Mlango niliuacha wazi kidogo, nikaona inatosha. Haikupita saa nzima, mtoto wetu akasema kichwa kinamwuma, akatapika. Mama yake aliposimama kumshika, magoti yakamlegea. Tulitoka nje sote, tukaketi mvuani. Mungu alitusaidia, tukapona. Mimi nilisomea ualimu, na darasani nilikuwa nikiwaonya watoto wasilale na jiko la makaa chumbani. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye jenereta. Haina rangi wala harufu, na dirisha lililo wazi halitoshi kuiondoa. Mashine yako ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, na moshi uelekee mbali na milango na madirisha. Ijengee kibanda kidogo chenye paa na pande zilizo wazi, uifunge kwa mnyororo. Mwizi akiiba mashine, utanunua nyingine. Mtoto hanunuliwi.

Sasa hesabu. Usinunue kwa kutazama ukubwa wa sanduku. Chukua kalamu. Taa 6 za wati 10 ni wati 60. Friji ndogo ni kama wati 150. Pampu ya nguvu za farasi 1 hula karibu wati 1,000 ikiwa kazini. Jumla ni 1,210. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu au zaidi, hivyo pampu hiyo itataka wati 3,000 wakati ule wa kuanza. Ongeza taa na friji, ni 3,210. Basi mashine ya wati 2,000 itakushinda. Tafuta ya 3,500 au zaidi, na usome wati za kazi ya daima, si zile za kilele zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Washa pampu kwanza, vingine vifuate.

Kumbuka pia petroli. Mashine ya kadiri hiyo hunywa yapata lita moja kwa saa. Linganisha bei ya lita hizo na bei ya maziwa unayookoa. Kama haja yako ni taa na simu tu, taa ya jua yakutosha, na fedha zako ziende kwenye chakula cha ng'ombe.

Mwisho, mashine isiyojaribiwa si akiba. Usiku ule wa Agosti 2023, hata sehemu za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zilikaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Iwashe yako kila mwezi, uipe kazi kidogo, utazame oili. Usiongeze petroli ikiwa inanguruma au bado ni moto, wala usiweke mtungi wa petroli ndani ya nyumba.

Ndugu yangu, ukija ofisini tena kuniuliza ununue jenereta gani, nami nitakuuliza: fundi wako ni nani, na swichi umeiweka wapi? Ukiwa na jibu, tutaketi tupige hesabu pamoja.