Tusingoje Sanduku Kutoka Mjini



Umejua kusoma na kuandika. Hongera. Sasa unataka kujifunza sayansi na maarifa ya jamii. Lakini wanakisomo wengi huniambia, "Bwana Afisa, darasa letu halina vifaa. Tutajifunzaje?"

Ni kweli, vifaa ni vichache. Hata hivyo, mimi nasema kungoja vifaa ni hatari. Darasa linalongoja hufa. Na mtu aliyeacha kusoma husahau hata herufi alizozijua.

Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Nilikuwa nikifundisha somo la malaria. Niliandika barua nikiomba picha kubwa ya mbu. Nikangoja miezi 3. Picha haikufika, na kila juma wanakisomo walipungua. Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani mbu wenyewe hawapo hapa?" Tulicheka sote. Lakini swali lile lilinifundisha.

Tulichota maji ya dimbwi lililokuwa karibu na kisima. Tukayatia katika chupa nyeupe. Ndani mlikuwa na viluwiluwi. Tukafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku chache tuliona mbu wakiruka ndani ya chupa!

Hapo nikaeleza. Mbu hutaga mayai kwenye maji. Yai hugeuka kiluwiluwi, na mwisho huwa mbu. Penye joto, safari hiyo huchukua siku 7 hadi 14 hivi. Yule mama akasema, "Basi tukimwaga maji ya makopo kila juma, mbu hatapata muda wa kukua." Hakuna aliyemwambia. Alifikiri mwenyewe. Kesho yake tulifukia lile dimbwi.

Ukifanya jaribio hili, usiwafungulie mbu. Waue kwanza, kisha mwaga maji yale kwenye mchanga mkavu.

Je, na maarifa ya jamii? Kitabu chake kimekaa barazani. Ni mzee wa kijiji. Huenda hajui mwaka aliozaliwa. Muulize, "Babu, Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 ulikuwa na umri gani? Ulikuwa wapi watu walipohamia vijijini mwaka 1974? Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, nani alikwenda kutoka hapa?" Chukua kamba ndefu. Funga fundo kwa kila tukio. Kisha andikeni maneno ya mzee katika daftari. Mtakuwa mmeandika historia ya kijiji chenu. Msichelewe. Mzee akifa, hakuna duka linalouza kitabu chake.

Wako watakaosema, "Chupa ya maji machafu si sayansi. Sayansi ni ya shule kubwa." Siafiki. Sayansi ni kutazama, kuuliza, kujaribu na kutazama tena. Mwaka 1897, huko Uhindi, daktari Ronald Ross aligundua vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Alikuwa na darubini, nasi hatuna. Lakini naye alianza na mbu.

Wengine watasema kwamba nawapa wakubwa sababu ya kutoleta vitabu. La, hasha. Chaki, taa na vitabu havioti shambani. Ni haki yetu, tuviombe kila mwaka. Lakini tuviombe huku tukiendelea kujifunza.

Waulizeni wazee juu ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana. Redio ilisaidia sana. Lakini redio haikuchimba choo hata kimoja. Watu ndio waliochimba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapokwenda darasani juma hili, usiende mikono mitupu. Chukua jani lenye ugonjwa, udongo wa shamba lako, au swali la kumwuliza mzee. Mwalimu mmoja hawezi kujaza darasa vifaa. Watu 20, kila mmoja na kitu chake, wanaweza.

Jadilianeni:
1. Maji yametuama wapi katika kijiji chetu?
2. Ni mzee gani tutakayemwuliza kwanza?
3. Wewe utaleta nini?