Tuonyesheni miguu ya mpiga kinanda

Wasomaji wa safu hii wanajua nisivyowavumilia waandaaji wa matamasha wanaojali picha kuliko muziki. Safari hii ni zamu ya wale wanaomketisha mpiga kinanda nyuma ya chombo chake, uso kwa watu, eti ili hadhira imwone. Inaona nini? Kichwa na mabega. Kinanda cha mabomba hupigwa kwa mikono na kwa miguu, na chini kule kuna pedali 30 hivi zinazobeba sauti nzito. Katika Toccata ya Bach ya F meja, hufika mahali mikono ikanyamaza kabisa, miguu ikaendelea peke yake kwa muda mrefu. Kuificha miguu hiyo nyuma ya mbao ni kuwanyima watu kilele cha kazi nzima.

Zamani hapakuwa na hiari. Kila kibonye kiliunganishwa na vali za mabomba kwa vijiti vyembamba vya mbao, hivyo mpigaji alikaa papo hapo mabomba yalipo, mara nyingi kwenye roshani nyuma ya waumini, akimfuatilia padri kwa kioo kidogo. Ibadani sina ugomvi na hilo. Waumini hawakuja kumtazama mtu. Lakini umeme ulipochukua nafasi ya vijiti, sehemu ya kupigia iliweza kutengwa na mabomba. Kinanda cha ukumbi wa Walt Disney, Los Angeles, kilichozinduliwa mwaka 2004 kikiwa na mabomba 6,134, kina sehemu mbili za kupigia: moja imejengwa pamoja na mabomba, nyingine husukumwa hadi jukwaani. Panapokuwa na uwezo huo, upande anaoelekea mpigaji ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo anapaswa kuulizwa.

Ataniambia kwamba kuwapa watu mgongo ni utovu wa adabu. Nalielewa hilo, ndivyo tulivyolelewa. Hata hivyo imamu huwapa mgongo maamuma wake, na padri Mkatoliki alifanya vivyo hivyo mbele ya altare hadi mageuzi ya miaka ya 1960. Hakuna anayekiita hicho kiburi, kwa kuwa kiongozi anaelekea kule kule wanakoelekea anaowaongoza. Katika ukumbi wa Royal Albert, London, mpigaji huketi akiyaelekea mabomba karibu 10,000 ya kinanda cha mwaka 1871, na mgongo wake haujamvunjia mtu heshima.

Wengine watasema muziki ni wa masikio. Kwa gitaa ningekubali upesi, maana sauti hutoka pale pale vidole vilipo. Sauti ya kinanda hutoka ukutani, mbali na mkono ulioiita, na bila jicho kuviunganisha viwili hivyo msikilizaji hana hakika kama kuna binadamu anayefanya kazi. Skrini kubwa inasaidia, sikatai, ila hapo mwenye kamera ndiye anayetuchagulia cha kuona, na kamera hupenda nyuso.

Mimi ningemketisha mpigaji ubavu, mgongo umeelekea watu kidogo, mikono na miguu vyote vionekane. Kabla ya milango kufunguliwa, mwandaaji aende akakae safu ya kumi na atazame. Asipoiona miguu, asogeze kinanda.