Rangi mpya juu ya rangi ya zamani

Mwezi huu tunaongea juu ya kupaka rangi upya ndani ya nyumba, tena ukuta ambao ulishapakwa na watu wengine kabla yetu.

Kwa nini tumechagua jambo hili? Kwa sababu ndugu zetu wengi wanaokaa Juba mjini, kule Gudele, Munuki na kwingineko, wamepanga vyumba ambavyo vimepita mikononi mwa watu wengi. Mmoja alipaka chokaa, wa pili akaweka rangi ya mafuta, wa tatu akapitisha rangi ya maji juu yake. Halafu unaingia wewe na mke wako na watoto, unaona ukuta mweusi kwa masizi, na rangi inabanduka kama magamba. Unanunua ndoo ya rangi, unapaka Jumamosi nzima, mvua za kwanza zikifika mwezi wa Aprili rangi yote iko chini. Pesa imekwenda. Na hiyo hela, jamani, ingeweza kuwa ada ya shule.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, uanze na ukuta.

Jua kwanza ukuta umepakwa nini

Kuna njia tatu rahisi ambazo hazitaki fundi.

Ya kwanza, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe kama umeshika unga, hiyo ni chokaa, au ni rangi ya maji iliyochoka. Ukipaka juu ya unga huo, rangi mpya itashika unga, haitashika ukuta. Lazima uusugue kwa brashi ngumu na maji mpaka unga uishe.

Ya pili, lowesha kitambaa kwa spiriti kisha usugue sehemu ndogo ambayo haionekani sana. Rangi ikilainika na kutoka kwenye kitambaa, ni rangi ya maji. Isipotoka kabisa, na ukuta unang'aa, hiyo ni rangi ya mafuta. Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Lazima kwanza uondoe mng'ao kwa msasa, kisha upake rangi ya chini (mafundi wanaiita andakoti), ndipo uweke rangi yako. Na kinyume chake pia kina hasara: rangi ya mafuta juu ya chokaa haidumu, maana chokaa huila pole pole mpaka inabanduka.

Ya tatu, chora msalaba kwa wembe, bandika selotepu juu yake, halafu uivute kwa nguvu. Ikitoka na vipande vya rangi, basi rangi ya zamani yenyewe imeshaachia. Usipake juu yake. Iondoe.

Kwa sisi wa hapa Gorom wenye kuta za udongo, tunashauri muendelee na chokaa au udongo mzuri uliochujwa. Ukuta wa udongo unapumua. Ukiufunga kwa rangi ya mafuta, unyevu unabaki ndani, na rangi ikitoka inatoka pamoja na udongo wake.

Vumbi la rangi na watoto

Hapa tunaomba akina mama na akina baba mtusikilize vizuri, maana ndilo jambo kubwa la mwezi huu.

Rangi nyingi za mafuta za zamani, na hata baadhi ya zile zinazouzwa leo katika nchi nyingi, zina madini ya risasi ndani yake. Hatusemi risasi za bunduki, ingawa madini ni yale yale. Viwanda viliyatia ili rangi ikolee na ikauke haraka. Mara nyingi yanakuwa mengi zaidi katika rangi kali kama njano, nyekundu na kijani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, na damu yake inapungua. Kwa mama mjamzito inafika mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto haonekani mgonjwa siku ile ile, ndiyo maana wazazi wengi hawajui.

Kenya na Ethiopia zimeweka kikomo cha risasi katika rangi, sehemu 90 kwa kila milioni. Lakini sheria ya rangi mpya haiwezi kuondoa ile iliyo ukutani tangu zamani. Na kwa macho huwezi kuiona. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta ya zamani, ichukulie kwamba ina risasi, kisha fanya hivi:

Watoto na mama mjamzito wasikae ndani wakati wa kukwaruza. Wapelekwe kwa jirani mpaka kazi iishe na chumba kisafishwe.

Usipige msasa mkavu. Lowesha ukuta kwanza, na usugue ukiwa na maji. Vumbi lililolowa haliruki.

Usichome rangi kwa moto ili itoke. Moshi wake ni sumu.

Toa nje vyombo vya chakula, magodoro na nguo. Tandika turubai chini.

Ukimaliza, usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mara mbili. Vipande vya rangi vifunge ndani ya mfuko, na usivitupe kwenye bustani ya mboga wala mahali watoto wanapocheza. Oga na ubadilishe nguo kabla hujambeba mtoto.

Unyevu, ukungu na masizi

Rangi si dawa ya unyevu. Kama ukuta una maji, ukipaka unaficha tu. Chukua kipande cha plastiki, kibandike ukutani pande zote nne, ukiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuta bati linalovuja, au mtaro ulioziba nyuma ya nyumba. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa nzito ya ndani. Fungua madirisha.

Ukungu mweusi usafishe kwa Jik iliyochanganywa na maji mengi, uache ukauke kabisa. Angalia sana: Jik usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, maana hewa inayotoka inaweza kukuua.

Masizi ya jiko la makaa yana mafuta. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, usuuze. Ukipaka juu ya masizi yatapenya, utaona doa la kahawia linarudi.

Siku ya kupaka

Kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ndio wakati mzuri kwa sababu ukuta umekauka. Lakini joto la Juba mnalijua. Februari 2025 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa wiki mbili kwa sababu ya joto kali. Joto la namna hiyo linakausha rangi juu juu kabla haijashika. Paka asubuhi na mapema.

Usinunue kwa kukisia. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, urefu wa kwenda juu mita 2.5. Mzunguko wake ni mita 14. Zidisha kwa 2.5, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Kwa mikono miwili ya rangi ni 64. Lita moja ya rangi ya maji inafunika kama mita 10 za mraba, basi unahitaji lita 6 na nusu hivi. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha, na kinachobaki utakitumia kuziba madoa baadaye.

Kama ni rangi ya mafuta, zima jiko na sigara, na usiichanganye na petroli kama wengine wanavyofanya ili kubana matumizi. Nyumba zimeungua hivyo. Msilale ndani mpaka harufu iishe.

Na mwenye nyumba?

Neno la mwisho. Kabla ya kupaka, ongea na mwenye nyumba mbele ya shahidi. Mkubaliane nani ananunua rangi, na kama ni wewe, itakatwa kwenye kodi ya mwezi gani. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na kila mtu atie sahihi. Kuna familia zimepaka chumba kikapendeza, mwezi wa pili kodi ikapandishwa kwa sababu chumba ni kizuri. Karatasi haizuii kila kitu, lakini ukienda kwa mzee wa mtaa una kitu mkononi.

Basi wapendwa, tuishie hapo. Mkiwa na hela kidogo mwaka huu, msianze na rangi. Anzeni kwa kuosha ukuta, kuziba pale bati linapovuja, na kuondoa magamba yaliyo karibu na kitanda cha mtoto. Hayo matatu hayataki ndoo ya rangi, na ndiyo yanayolinda familia. Rangi itakuja baadaye.

Tukutane mwezi ujao. Amani iwe nyumbani kwenu.